Vito vya Harusi ya Kihindi: Kuchagua vya Kisasa na Mila Ikabaki Mahali Pake

Msimu wa harusi unapokaribia, wasomaji huniandikia swali lile lile kwa maneno tofauti: "Nataka vito vyepesi, vya kisasa, nitakavyovaa hata kazini baada ya harusi. Mama na bibi wanataka seti nzima ya dhahabu kama waliyovaa wao. Nifanyeje?" Wanaouliza ni mabinti wa Kigujarati wa Upanga na Parklands, Wapunjabi wa Nairobi, Wagoa wa Mombasa wenye ndugu Leicester na London, na siku hizi pia dada zetu Waswahili wanaoolewa katika familia hizo.

Wote nawajibu hivi. Katika vito vya bibi harusi wa Asia Kusini kuna vipande viwili au vitatu vinavyoguswa na ibada yenyewe, na vingine vyote ni pambo. Vya ibada unaulizia, vya pambo unachagua. Ugomvi mwingi wa nyumbani hutokana na kuchanganya mambo haya mawili: binti anabadilisha kipande ambacho hakikuwa chake kukibadilisha, au mama anang'ang'ania pambo ambalo mila haikuliagiza kamwe.

Ulizia ukoo kabla ya kuulizia duka

Wahindi si watu wa mila moja, na muuza duka wa Dubai au Jaipur hajui nyumba yako inafuata ipi. Atakuuzia kinachopendwa mwaka huu. Kwa hiyo safari ya kwanza si ya dukani, ni ya kwa bibi, kwa shangazi, au kwa mama mkwe mtarajiwa. Angalia jinsi mila zinavyotofautiana:

- Kwa Wamarathi, kitu kikuu ni mangalsutra, mkufu wa ndoa wa shanga nyeusi na dhahabu, wenye vikombe viwili vidogo vya dhahabu katikati, pamoja na bangili za kioo za kijani. Shanga nyeusi ni kinga dhidi ya kijicho.
- Kwa Wapunjabi, Wahindu kwa Masingasinga, ni chuda: bangili nyekundu na nyeupe zinazojaza mkono, huku mapambo yaitwayo kalire yakining'inia kwenye vifundo vya mikono.
- Kwa Wabengali ni bangili tatu tofauti: nyeupe ya gamba la kombe, nyekundu ya marijani, na ya chuma.
- Kwa Watamil ni thali, kipande cha dhahabu kinachofungwa shingoni kwa mafundo matatu. Watelugu huvaa visahani viwili vya dhahabu, kimoja kutoka kila upande wa ukoo.
- Wakristo wa Kerala wana minnu, kipande kidogo cha dhahabu chenye msalaba, kinachofungwa kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye sari ya harusi.
- Wapandit wa Kashmir huvaa alama ya ndoa masikioni, si shingoni.

Waislamu wa asili hiyo, kama Makhoja, Mabohora na Wapakistani, hawafungwi na kito chochote. Nikahi inataka mahari. Pambo la jhumar upande mmoja wa kichwa na pete kubwa ya pua ni uzuri na desturi, basi. Hata hivyo baadhi ya familia za Hyderabad humvalisha bibi harusi kidani cha shanga nyeusi, na mama mkwe wa huko atasikitika ukikiacha. Nao Wagoa Wakatoliki, pamoja na pete za kanisani, wengi wana siku ya bibi harusi kuvishwa bangili za kioo, kijani zikiwa nyingi.

Ukikaa na mzee wako, usimuulize "mila inasemaje?" Swali hilo ni pana mno, na utajibiwa kwa hotuba. Muulize haya:

1. Ni kipande gani kinachofungwa, kuvishwa au kubarikiwa wakati wa ibada?
2. Nani anakinunua: sisi, wao, au mjomba?
3. Kinavishwa na nani, na kabla ya hapo naruhusiwa kukiona?
4. Nitakivaa kwa muda gani baada ya harusi?
5. Kuna rangi, madini au jiwe ambalo nyumba yetu haitaki?

Andika majibu. Kisha muulize mtu wa pili wa upande ule ule, kwa sababu kumbukumbu za harusi hubadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Usinunue kisicho chako kununua

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi, na mara nyingi hufanywa kwa nia njema.

Chuda ya Mpunjabi huletwa na mjomba, kaka wa mama. Huloweshwa kwenye maziwa yaliyochanganywa na maji, na binti huvishwa macho yamefumbwa, kisha mikono inafunikwa kwa kitambaa asiione mapema. Binti aliyejiagizia chuda mtandaoni kwa sababu alipenda rangi yake amemnyang'anya mjomba kazi aliyoisubiri miaka ishirini na tano. Ukitaka rangi ya waridi iliyokoza badala ya nyekundu, au bangili chache zaidi, mpelekee mjomba picha na umwachie anunue yeye. Kalire nazo hufungwa na dada na binamu. Hapo pana uhuru mkubwa, na mafundi siku hizi hutengeneza kalire zenye majina, maua au vitu vinavyosimulia habari za bibi na bwana harusi.

Kwa Wagujarati, upande wa mjomba huleta sari nyeupe yenye ukingo mwekundu, na upande wa wakwe huleta nyingine nyekundu yenye mirabaraba. Bibi harusi huonekana na zote mbili siku ile ile. Chagua vito vitakavyopendeza juu ya nyeupe na juu ya nyekundu. Yakuti nyekundu tupu, kwa mfano, humezwa na sari ya pili.

Mangalsutra au thali kwa kawaida huletwa na upande wa bwana harusi. Kwa hiyo dada Mswahili unayeolewa huko, usiende na yako mkononi. Mwambie mama mkwe kwa adabu: "Mama, ningependa nyembamba ninayoweza kuvaa kila siku. Tunaweza kwenda kuichagua pamoja?" Wengi wao hufurahi kualikwa. Kinachowaudhi ni kuletewa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Usasa unapokaribishwa

Mtazame bibi harusi wa Kitamil. Thali yake ya dhahabu hufungwa kwa uzi uliopakwa manjano. Bwana harusi anafunga fundo la kwanza, na dada yake humalizia mengine. Uzi huo ni wa bei ndogo kuliko kitu chochote alichovaa siku hiyo, na ndio usio na mbadala. Siku chache au wiki kadhaa baadaye thali huhamishiwa kwenye mkufu wa dhahabu, na mkufu huo unaweza kuwa wa mtindo wowote. Mila iliyoshika uzi imeuacha mkufu huru, na karibu kila jamii ina mahali pa namna hiyo. Haya ndiyo maeneo ninayoyaona yana nafasi kubwa:

*Mangalsutra.* Ifupishe, ipunguze uzito, au weka almasi ndogo mahali pa kidani kikubwa. Shanga nyeusi zibaki. Wapo wanaoivaa mkononi kama kikuku kwenda kazini, na hilo ni jambo la makubaliano ya nyumbani. Ushauri wangu ni kwamba iliyofungwa siku ya ibada iwe ya shingoni, na ya mkononi iwe ya pili. Kampuni ya Bulgari ya Italia ilipotoa mangalsutra yake mwaka 2021 watu walishangaa, lakini ukiiangalia utakuta shanga nyeusi na dhahabu ya manjano vipo.

*Vidani vinavyotenganishwa.* Hapa ndipo fedha yako itakapofanya kazi kweli. Muagize fundi kidani kirefu ambacho nusu ya juu inafunguka na kuwa kidani cha shingo, na kito cha katikati kinachomoka na kuning'inia kwenye mkufu mwembamba. Hereni za jumka, zile zenye umbo la kengele, zifanywe kengele ichomoke na kibaki kipuli kidogo cha kuvaa ofisini. Tika ya kipaji inaweza kuwa na kulabu nyuma, baadaye ikawa kidani. Mwambie fundi mapema, kwa sababu viungo vya namna hii haviongezwi vizuri kito kikishakamilika.

*Pete ya pua.* Kama hujatoboa, ipo ya kubana, na hakuna mzee atakayeijua kwa mbali. Ukitaka kutoboa, fanya hivyo angalau miezi sita kabla. Ulizia pia upande: kaskazini mwa India wengi hutoboa kushoto, na kusini utawakuta wengi wa kulia au pande zote mbili.

*Miguuni.* Wahindu wengi hawavai dhahabu chini ya kiuno, kwa kuwa dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali. Vikuku vya miguuni na pete za vidole vya miguu viwe vya fedha. Ukivutiwa na vikuku vya dhahabu kwenye picha, kumbuka kuwa bibi harusi wa picha hiyo huenda ni Mwislamu, au vikuku hivyo huenda ni fedha iliyochovywa dhahabu.

*Tanzanaiti.* Kito hiki kilichogunduliwa Mererani mwaka 1967 huchongwa kwa wingi Jaipur, kwa hiyo mafundi wa huko wanakijua vizuri. Kwenye hereni, tika na kidani kinapendeza sana pamoja na dhahabu ya karati 22 na lulu. Kwenye pete ya kila siku sikishauri: ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo ambacho yakuti samawi ni 9 na almasi ni 10. Kitakwaruzika, na kikigongwa vibaya kitapasuka. Mzee akiona jiwe la buluu atauliza kama ni yakuti samawi, maana katika unajimu wa Kihindi jiwe hilo ni la sayari ya Zohali na watu huogopa kulivaa bila kushauriwa na mnajimu. Mweleze kabla ya harusi ni jiwe gani.

Jambo moja linastahili subira: dhahabu nyeupe. Wazee wengi huiona haina tofauti na fedha, na kwenye mangalsutra huwasononesha. Isitoshe weupe wake mkali hutokana na madini ya rodi yaliyopakwa juu, ambayo huchakaa na kupakwa upya. Suluhu ninayoipenda ni mkufu na fremu za dhahabu ya manjano, na weupe kidogo tu pale almasi ilipokaa.

Mbele ya mizani ya sonara

Karati ya dhahabu inakuambia kiasi cha dhahabu safi. Karati 22 ni sehemu 916 katika 1,000, na 18 ni 750. Vito vya jadi visivyo na mawe mengi huwa vya 22. Vyenye almasi ndogo ndogo mara nyingi ni vya 18, kwa sababu dhahabu hiyo ni ngumu zaidi na hushika jiwe imara. Mama akisema "karati 18 si dhahabu," mweleze hivyo, kisha vipande vya ibada vifanye vya 22. Karati ya jiwe ni jambo jingine: ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2.

Masonara wengi bado hupima kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66. Dai risiti iandikwe kwa gramu.

Sasa chukua kidani cha kundan mkononi. Mbele utaona mawe yasiyochongwa yamezungukwa na dhahabu laini. Kigeuze. Kazi nzuri ya Jaipur au Bikaner ina rangi za minakari mgongoni, maua na ndege wa kijani na wekundu, mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa mvaaji. Rangi zilizovuka mipaka yake, au mgongo uliopakwa rangi moja tu haraka haraka, ni dalili ya kazi duni. Kisha kipime uzito. Ndani ya dhahabu ile nyembamba mna lakiri inayoshikilia mawe, na lakiri hiyo inapimwa pamoja na kila kitu. Kidani cha gramu 48 kinaweza kuwa na mawe na lakiri za gramu 15. Dhahabu iliyobaki ni gramu 33, na kama ni ya 22, dhahabu safi ni gramu 30 hivi. Usikubali kulipia gramu 48 kwa bei ya dhahabu. Risiti ioneshe kila kitu peke yake:

- uzito wa jumla;
- uzito wa dhahabu tupu na karati yake;
- uzito na aina ya mawe, na kama ni almasi za polki (zisizochongwa) au kioo;
- bei ya dhahabu ya siku hiyo, na iwe ya karati unayonunua, si ya 24;
- ujira wa fundi;
- masharti ya kukirudisha au kukibadilisha.

Bei ya dhahabu haipunguzwi, kwani inafuata soko la dunia. Kinachojadiliwa ni ujira wa fundi. Katika soko la dhahabu la Deira, Dubai, hapo ndipo utakapopatana, na mgeni anaweza kuomba kurudishiwa kodi ya asilimia 5 anapoondoka, akiwa na karatasi zake.

Ukinunua India, tafuta muhuri wa Shirika la Viwango la nchi hiyo. Tangu Aprili 2023 vito vya dhahabu vyenye muhuri vinavyouzwa madukani huko lazima viwe na namba ya herufi na tarakimu sita, na unaweza kuihakiki kwenye programu ya simu ya shirika hilo. Baadhi ya vito, vikiwemo vya kundan na polki, vimesamehewa sharti hilo. Kwa hiyo muhuri usipokuwepo usidhani umeibiwa, ila uwe mwangalifu zaidi. Popote pengine, omba kipande kipimwe kwa mashine mbele yako.

Dhahabu ya bibi: iyeyushwe au isiyeyushwe?

Hakuna swali linaloletwa kwa hofu kama hili. Msimamo wangu ni kwamba bangili tupu, mikufu iliyokatika na hereni zisizo na jozi ziyeyushwe kwa amani. Dhahabu haipotezi heshima kwa kubadilisha umbo, na bibi wengi wenyewe walivaa dhahabu iliyowahi kuwa ya mama zao. Lakini kundan ya zamani, minakari na kazi ya nyuzi za dhahabu usiviyeyushe. Thamani yake imo kwenye mkono wa fundi na kwenye mawe, na moto unaifuta yote. Hivyo vifungwe upya, visafishwe, vibadilishwe kulabu, vivaliwe.

Mangalsutra ya marehemu au ya aliye hai usiiguse bila ruhusa yake au ya watoto wake wote.

Ukiamua kuyeyusha:

1. Piga picha kila kipande, mbele na nyuma, na ukipime mwenyewe.
2. Ondoa mawe kwanza, yahesabiwe mbele yako.
3. Simama hapo dhahabu inapoyeyushwa, kisha ipimwe karati baada ya kuyeyushwa. Vito vya zamani vina rangi na viungo vya madini mengine, kwa hiyo itapungua kidogo. Kiasi hicho mkubaliane kabla.
4. Bakiza kitu kimoja kama kilivyo, hata kama ni kipini kidogo.

Onyo kuhusu pembe. Kwa karne nyingi bangili za harusi za Kutch, Gujarat na Punjab zilichongwa kwa pembe za ndovu wa Afrika Mashariki, zilizopitia Zanzibar kwenda Bombay. Ukifungua kasha la bibi unaweza kuzikuta. Biashara ya kimataifa ya pembe imepigwa marufuku tangu mapatano ya mwaka 1989, na kuzivusha mpakani bila vibali kunaweza kukufikisha kizuizini. Ziache nyumbani. Chuda za leo ni za plastiki au akriliki, na hakuna padri, shehe wala pandit atakayezikataa.

Mwili wako ndio kipimo

Bangili za Kihindi huuzwa kwa namba kama 2-4, 2-6 na 2-8. Namba ya kwanza ni inchi, na ya pili ni sehemu za kumi na sita za inchi. Kwa hiyo 2-4 ni kipenyo cha ndani cha milimita 57 hivi, 2-6 ni 60, na 2-8 ni 63.5. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, zungusha utepe kwenye mafundo ya vidole mahali papana kabisa, kisha gawa kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 19 unakupa 2-6. Pima mchana, kwa sababu joto la pwani huvimbisha mikono.

Hereni nzito ndizo zinazoharibu siku. Zikifika gramu 20 kila moja, lazima ziwe na mkufu mdogo unaobeba uzito na kushikizwa kwenye nywele. Zivae nyumbani kwa saa nzima, ule nazo, uiname nazo. Na ukinunua za bandia, mwambie sonara abadilishe kulabu tu aweke za dhahabu, kwani shaba iliyochovywa huwasha masikio ya wengi na harusi za Kihindi ni za siku kadhaa.

Shingo ya blauzi iamue kidani, si kinyume chake. Shingo iliyofungwa inataka kidani kirefu, na iliyo wazi inataka kifupi. Usivae kila kitu kilichomo kwenye kasha: ukitaka tika kubwa na pete kubwa ya pua, punguza shingoni. Mwigizaji wa filamu za Kihindi Alia Bhatt alipoolewa Aprili 2022 alivaa sari ya rangi ya pembe badala ya nyekundu, nayo ilipokewa vizuri, kwani pambo la kipaji na almasi zisizochongwa za jadi vilikuwepo.

"Lakini..."

*"Lakini almasi za maabara si bandia?"* Si bandia. Ni almasi kwa kila hali, ila hazikuchimbwa. Bei yake imeshuka sana, kwa hiyo zinunue kwa uzuri wake, usizihesabu kama akiba. Zije na cheti cha maabara inayotambulika, kama IGI au GIA. Moissanite ni jiwe jingine kabisa, na anayekuuzia kwa jina la almasi muache.

*"Lakini hatuna fedha za seti nzima."* Seti nzima si sharti la ibada yoyote niliyoitaja. Nunua kipande cha ibada cha dhahabu halisi, hata kiwe kidogo, na vingine azima kwa dada, kodisha, au vaa vilivyochovywa. Kukopa ili ukumbi ustaajabu ni mzigo utakaoubeba kwenye ndoa changa.

*"Lakini mama mkwe ameshanunua kitu kizito nisichokipenda."* Kivae siku ya ibada, upigwe picha nacho pamoja naye. Kwenye tafrija ya jioni vaa chaguo lako. Usiombe kukibadilisha kabla ya mwaka kupita.

Ratiba na siku yenyewe

Agiza vito vya kutengenezwa kwa mkono miezi sita kabla. Jihadhari na siku za Dhanteras na Akshaya Tritiya: kununua dhahabu siku hizo ni baraka kwa Wahindu, na maduka hujaa hata fundi hakusikilizi. Weka oda wiki kadhaa mapema, ukachukue siku hiyo. Kipindi cha kuwakumbuka wahenga, Pitru Paksha, familia nyingi hazinunui kitu kipya, basi usimpeleke mama dukani wakati huo.

Kundan na polki haziguswi na maji wala manukato. Nyuma ya jiwe mna karatasi nyembamba ya madini inayoling'arisha, na ikipata unyevu inakuwa nyeusi. Paka mafuta na manukato kwanza, vito viwe vya mwisho. Safarini vibebe mkononi, usiviweke kwenye sanduku la mizigo, ukiwa na risiti na picha, na ulizia forodha za nchi zote mbili kabla ya kupanda ndege.

Mteue mtu mmoja, shangazi au dada mtulivu, awe mlinzi wa kasha, akiwa na orodha. Kila unapobadilisha nguo, ahesabu.

Na orodha hiyo ina kazi nyingine kubwa zaidi. Vito anavyopewa bibi harusi ni mali yake mwenyewe. Sheria ya Kihindu inavitambua hivyo, Mahakama ya Juu ya India ilisisitiza jambo hilo mwaka 1985, na kanuni za India za mwaka huo huo zinataka zawadi za harusi ziorodheshwe. Kwa Waislamu mahari ni haki ya mke pekee. Hata hivyo wapo mabinti ambao dhahabu yao ilifungiwa kwenye kabati la wakwe "kwa usalama" na hawakuiona tena. Basi, binti yangu, kabla ya usiku wa hina, kaeni wazazi wa pande zote mbili, andikeni kila kipande, uzito wake na nani alikitoa, mtie saini, na nakala moja ibaki mkononi mwako.